Prosesa haichoki: ni nani anayeichelewesha kompyuta yako?

SWALI: Mwalimu, salamu. Nina saiba ndogo hapa Umoja yenye kompyuta nne za mezani, ambazo zilikuja nchini zikiwa zimeshatumika. Zote ni Core i5 ya kizazi cha nne, RAM ya GB 4 na diski ya GB 500, na zinatumia Windows 10. Asubuhi huchukua zaidi ya dakika tano kabla sijaweza kufanya kazi yoyote, na mteja akifungua eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, pamoja na kurasa nyingine mbili tatu, taa ndogo ya mbele huwaka bila kuzima na kila kitu kikaganda. Fundi wa kwanza aliniambia prosesa zimechoka, nizibadilishe. Wa pili akasema tatizo ni RAM. Wa tatu akasema ni diski. Sitaki kutoa pesa kwa jambo nisilolielewa. Naomba unieleze kila sehemu ya kompyuta hufanya kazi gani, ndipo nijue ni yupi kati yao anayeniambia ukweli.

JIBU: Dada, nitaanza na fundi wa kwanza, kwa kuwa ushauri wake ndio ungekugharimu zaidi na ndio ulio mbali zaidi na ukweli. Prosesa haichoki. Ndani yake hakuna gurudumu wala beringi, hakuna kinachosuguana na kingine kikalika kidogo kidogo kama breki za gari. Ni kipande cha silikoni ambacho, kwa Core i5 ya kizazi chako yenye viini vinne, kina ukubwa wa milimita mraba 177, yaani ni kidogo kuliko sarafu ya shilingi 10, na juu yake zimechorwa transista takriban bilioni 1.4. Kila transista ni swichi: ama inapitisha umeme, ama inauzuia. Prosesa ya 4004 ambayo Intel iliitoa mwaka 1971 ilikuwa na transista 2,300 tu, na kanuni yake ilikuwa hii hii. Swichi hizo zikiwa nzima, zitajumlisha na kulinganisha namba leo kwa kasi ile ile ya siku zilipotoka kiwandani. Zikiharibika, kwa kawaida kompyuta haiwi nzito, bali huzimika ghafla au hukataa kuwaka kabisa.

Kazi yenyewe ya prosesa haina mafumbo. Inachukua agizo moja kutoka kwenye kumbukumbu, inalitambua, inalitekeleza, kisha inachukua linalofuata. Maagizo hayo ni madogo mno: jumlisha namba hizi mbili, linganisha hii na ile, toa thamani hii hapa uipeleke pale, na kama jibu ni sifuri, ruka uende kwenye agizo fulani. Hakuna agizo linalosema "fungua cheti cha kuzaliwa cha mteja". Cheti hicho hufunguka kwa sababu mamilioni ya maagizo madogo yametekelezwa kwa mfuatano, yakisukumwa na mapigo ya saa ya ndani ambayo, kwenye mashine kama zako, hupiga takriban mara bilioni 3 kwa sekunde. Katika pigo moja, mwanga wenyewe husafiri sentimita 10 tu, masafa yasiyofikia urefu wa kalamu. Nakuomba ulishike jambo hilo, maana kwa prosesa yenye kasi ya namna hiyo, kila kilicho nje yake kiko mbali.

Hebu tuchukulie kwamba pigo moja la saa hiyo ni sekunde nzima ya maisha yetu. Ndani ya prosesa kuna akiba ndogo ya kumbukumbu iitwayo kashe, na ngazi yake iliyo karibu zaidi hujibu baada ya sekunde nne hivi. Kinachotafutwa kisipopatikana kwenye kashe, prosesa huagiza kutoka kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na jibu huja baada ya dakika nne au tano, muda wa kushuka ngazi za ploti, kununua maziwa dukani na kupanda tena. Kisipopatikana kwenye RAM pia, inabidi kiletwe kutoka kwenye diski. Diski ya SSD itakileta baada ya siku tatu na nusu. Diski ya kuzunguka, ambayo ndiyo uliyo nayo wewe, itakileta baada ya zaidi ya mwaka mmoja: utapanda mahindi wakati wa masika, utavuna, utayangoja masika ya mwaka unaofuata, ndipo baiti zako zifike. Kwa hiyo prosesa zako nne hazijachoka hata kidogo. Zinangoja.

Sasa tufuate kinachotokea asubuhi unapobonyeza kitufe, kwa sababu safari hiyo hupitia karibu kila sehemu uliyoniuliza.

Umeme wa ukutani hapa kwetu ni wa volti 240, nao hubadili mwelekeo kwa mizunguko 50 kila sekunde. Hakuna chipu inayoweza kuuvumilia. Kisanduku cha chuma kilicho nyuma, ambacho mafundi hukiita pawasaplai, kwanza huunyoosha umeme huo uende upande mmoja, na hapo hufikia zaidi ya volti 300 ndani ya kapasita kubwa, kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme. Kisha huukatakata maelfu ya mara kwa sekunde, huupitisha kwenye transfoma ndogo, na kuutoa ukiwa volti 12, 5 na 3.3. Madabodi, ule ubao mkuu unaounganisha sehemu zote, nayo huchukua ile volti 12 na kuishusha tena hadi karibu volti 1 au 2 kwa ajili ya prosesa. Ile kapasita kubwa hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya, kwa hiyo kisanduku hicho usikifungue wala usimruhusu kijana wako wa kazi akifungue. Pia kapasita hizo zinaweza kuibeba kompyuta kwa milisekunde chache tu umeme unapokatika, na ndiyo maana kupepesa kidogo kwa taa pale Umoja kunatosha kuizima mashine isiyo na UPS, yaani betri ya akiba.

Umeme ukishatulia, pawasaplai huijulisha madabodi, na prosesa huamka. Wakati huo RAM ni tupu, na prosesa haijui hata kama kuna diski. Agizo lake la kwanza hulipata kwenye chipu ndogo iliyogandishwa kwenye madabodi, yenye programu ya kuamshia kompyuta. Programu hiyo huipima RAM, huitafuta kibodi, huitafuta skrini, na huorodhesha diski zilizopo. RAM ikiwa imelegea kwenye nafasi yake, hapa ndipo utasikia milio ya mfululizo huku skrini ikiwa nyeusi, na mara nyingi dawa yake ni kuichomoa, kuzisugua pini zake taratibu kwa kifutio cha penseli, na kuirudisha hadi vibanio vibofye.

Karibu na chipu hiyo kuna betri ya duara, CR2032, ya volti 3, inayolinda saa na tarehe kompyuta ikiwa imezimwa. Kwenye mashine yenye umri wa zako, betri hiyo mara nyingi imekwisha. Utaitambua hivi: asubuhi tarehe imerudi nyuma miaka kadhaa, na kivinjari kinakataa kufungua iTax, tovuti ya kodi, au eCitizen kikidai kwamba tovuti si salama. Tovuti haina kosa. Kila tovuti salama huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayoamini kwamba leo ni mwaka 2014 huona cheti hicho hakijaanza kazi. Nimeona watu wakiwekewa Windows upya kwa sababu ya betri hii, na jambo hilo huniuma, kwa sababu ni kitu cha kubadilishwa kwa dakika mbili.

Madabodi yenyewe ni tabaka kadhaa za nyaya nyembamba za shaba zilizobanwa pamoja. Jambo la kuangalia ni kwamba njia za RAM huenda moja kwa moja hadi kwenye prosesa, ilhali diski, USB na mtandao hupitia kwanza chipu nyingine inayosimamia mzigo huo. Kuna jambo lingine linalohusu pesa zako. Soketi ya prosesa yako ina pini 1150, na hupokea prosesa za kizazi hicho na chache zilizofuata hapo hapo. Kwa hiyo "kubadilisha prosesa" kungekuwa na maana mbili tu: ama upewe nyingine ya umri ule ule yenye nafuu ndogo, ama ununue prosesa mpya pamoja na madabodi mpya na RAM mpya, ambayo ni kompyuta nyingine iliyovalishwa kasha la zamani.

Twende kwenye RAM, mahali ambapo fundi wa pili ana hoja. RAM tunayotumia leo inatokana na wazo la Robert Dennard wa IBM, aliyepewa hataza yake mwaka 1968: kila biti moja ihifadhiwe kwa transista moja na kapasita moja ndogo sana. Kapasita ikiwa na chaji tunasema ni 1, ikiwa tupu tunasema ni 0. Wazo hilo ni rahisi kiasi kwamba mabilioni ya visanduku hivyo huingia kwenye kipande kimoja cha RAM. Lakini kapasita hizo huvuja, kama debe lenye tundu dogo chini, na zisipojazwa upya hupoteza kilichomo. Kwa hiyo kompyuta huzunguka kuzisoma na kuzijaza zote kila baada ya milisekunde 64, mchana kutwa, hata wakati hakuna mteja. Umeme ukikatika, kazi hiyo hukoma, na barua ambayo mteja alikuwa bado hajaihifadhi hupotea. Kuhifadhi faili maana yake hasa ni kuinakili kutoka kwenye madebe yanayovuja na kuipeleka mahali pasipovuja.

RAM ndiyo meza ya kazi ya kompyuta. Programu haiwezi kutekelezwa ikiwa kwenye diski. Sharti iletwe kwanza kwenye RAM. Windows 10 peke yake, kabla hujafungua chochote, huchukua karibu nusu ya GB 4 ulizo nazo. Kivinjari hufungua kila ukurasa kama programu inayojitegemea, kwa sababu za usalama, na ukurasa wa leo wenye picha, fomu na maandishi yanayojisogeza waweza kuhitaji mamia ya MB. Fungua eCitizen, barua pepe, ukurasa wa KUCCPS wa kuomba nafasi za vyuo, kisha faili la PDF, na meza imejaa.

Meza ikijaa, kompyuta haikwambii kwamba imejaa. Huanza kuchukua vipande vya RAM ambavyo havijaguswa kwa muda, kuvinakili kwenye faili maalumu ndani ya diski, na kutumia nafasi iliyoachwa. Mteja akirudi kwenye ukurasa wa kwanza, vipande vile hurudishwa kutoka kwenye diski, na vingine hutolewa ili kuvipisha. Kumbuka ile hesabu yetu: kazi iliyokuwa ya dakika tano imegeuka kuwa ya zaidi ya mwaka. Ile taa ya mbele inayowaka bila kuzima ni taa ya diski, na huko kuganda unakokuona ni kompyuta inayotumia muda wake wote kuhamisha vipande kutoka mezani kwenda ghalani na kuvirudisha, bila nafasi ya kufanya kazi yenyewe. Ndiyo maana fundi wa pili na fundi wa tatu, kila mmoja kwa upande wake, waliona ukweli nusu nusu. Upungufu wa RAM huizidishia diski kazi, na diski ya polepole huufanya upungufu huo uwe adhabu.

Kwa nini diski hiyo ni ya polepole kiasi hicho? Ninayo moja mezani niliyoifungua kwa ajili ya wanafunzi. Ndani mna sahani inayong'aa kama kioo cha kujitazamia, na mkono mwembamba unaoinama juu yake, wenye kichwa kidogo kuliko punje ya mtama kwenye ncha. Sahani imepakwa utando wa sumaku, na kila biti ni sehemu ndogo sana iliyoelekezwa upande mmoja au mwingine. Ikiwa kazini, sahani ya diski ya kawaida ya kompyuta ya mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika. Ukipiga hesabu, ukingo wake hukimbia karibu kilomita 129 kwa saa, wakati matatu zetu zimewekewa kikomo cha 80. Kichwa hakiigusi, huelea juu ya upepo unaotokana na mzunguko huo, kwa umbali wa nanomita chache, maelfu ya mara wembamba kuliko unywele. Gonga kasha la kompyuta wakati diski inafanya kazi, na unaweza kukibwaga kichwa hicho juu ya data ya mteja.

Kusoma kipande kimoja, mkono sharti uhamie kwenye njia inayotakiwa, jambo linalochukua milisekunde 9 hivi, kisha ungoje sahani izunguke hadi kipande kifike chini ya kichwa, ambapo kwa wastani ni nusu mzunguko, yaani milisekunde 4.2. Jumla ni kama milisekunde 13, na kwa sekunde nzima hupati zaidi ya vipande 75 hivi vilivyotawanyika. Diski hiyo hiyo ikisoma filamu moja ndefu iliyopangwa kwa mfuatano huweza kutoa zaidi ya MB 100 kwa sekunde, na hiyo ndiyo namba inayoandikwa kwenye matangazo. Lakini Windows inapowaka haisomi filamu. Hukusanya vipande vidogo vidogo kutoka kila pembe ya sahani. Tuseme inahitaji vipande 15,000. Gawanya kwa 75, utapata sekunde 200, dakika tatu na sekunde 20 za kungoja tu. Mara nyingi fundi akikwambia mashine "imejaa virusi" kwa sababu inachelewa kuwaka, hesabu hii ndiyo iliyo nyuma yake.

SSD haina sahani wala mkono. Imejengwa kwa kumbukumbu ya flashi, aina ambayo Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba aliitambulisha mwaka 1984. Elektroni hunaswa ndani ya kijisanduku kilichozungukwa pande zote na kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, kwa hiyo hubaki humo hata umeme ukikatika, na kipande chochote hufikiwa kwa muda ule ule, kiwe mwanzoni au mwishoni. Muda huo ni karibu sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Badala ya vipande 75 kwa sekunde, unapata maelfu. Gharama yake ni kwamba kila uandishi hukichosha kihami kidogo, na baada ya maandishi mengi kijisanduku hakishiki tena. Ndani ya SSD kuna chipu inayosambaza maandishi ili sehemu moja isiumie kabla ya nyingine, na kwa kazi ya saiba, ya kufungua kurasa na kuchapisha, huo si wasiwasi wa kukuzuia kununua.

Sehemu zilizobaki nitazipitia upesi, kwa kuwa hazina lawama katika tatizo lako. Michoro ya skrini kwenye mashine zako hutengenezwa ndani ya prosesa yenyewe, ikikopa sehemu ya RAM, na hiyo ni sababu nyingine ya kutotosheka na GB 4. Skrini huchorwa upya kwa kawaida mara 60 kwa sekunde. Kibodi, kipanya na printa hutuma na kupokea kiasi kidogo cha data ambacho kompyuta haikihisi.

Kuna jambo moja tu ambalo lingempa fundi wa kwanza haki kidogo, nalo ni joto. Prosesa ikikaribia nyuzi 100, hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Mashine iliyokaa miaka kumi karibu na mlango unaotazama barabara ya vumbi hujaa blanketi la kijivu kati ya feni na mapezi ya alumini, na ile dawa nyeupe inayopitisha joto kati ya prosesa na kipoozi chake hukauka ikawa kama chaki. Ukisikia feni ikilia kwa nguvu wakati kompyuta haina kazi, zima, chomoa waya, fungua kasha, shika feni kwa kidole isizunguke, kisha toa vumbi kwa brashi laini. Dawa ya joto ni tyubu ndogo isiyo ghali, na tone la ukubwa wa punje ya dengu latosha.

Kabla ya kununua chochote, iulize kompyuta yenyewe. Subiri hadi igande kama kawaida, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha lenye safu ya CPU, ambayo ndiyo prosesa, safu ya kumbukumbu na safu ya diski, kila moja ikiwa na asilimia yake. Natarajia utaona diski ikiwa 100% ilhali inasoma MB moja au mbili tu kwa sekunde, kumbukumbu ikizidi 85%, na prosesa ikiwa chini kabisa, pengine 10% au 20%. Prosesa yenye asilimia ndogo wakati kila kitu kimeganda ndiyo ushahidi wa kungoja niliokueleza. Ikitokea kinyume, prosesa 100% na diski imetulia, basi angalia joto, na angalia ni programu gani inayoila prosesa hiyo. Nilipoanza kazi hii nilimuuzia mzee mmoja RAM mara mbili bila kuitazama safu ya diski. Diski yake ilikuwa inakufa, na alipoteza picha za harusi ya binti yake. Tangu siku hiyo siuzi kitu kabla ya kupima.

Vipimo vikithibitisha, nunua SSD kwanza. Kwa umri wa mashine zako, tafuta ile ya inchi 2.5 inayotumia kebo za SATA, maana zile nyembamba kama biskuti huenda madabodi yako haina nafasi yake. GB 240 zinatosha. Kisha ongeza RAM ifike GB 8, na hapo kuna mambo mawili ya kuzingatia. Prosesa yako hutumia DDR3, yenye pini 240, na mfereji wake uko mahali tofauti na wa DDR4, kwa hiyo usikubali kulazimishiwa isiyoingia. Pia, vipande viwili vya GB 4 vikiwekwa kwenye nafasi mbili zilizooana, ambazo mara nyingi hupakwa rangi moja, hufungua njia mbili za RAM kwa wakati mmoja, jambo ambalo kipande kimoja cha GB 8 hakifanyi. Ukiwa na pesa za kitu kimoja tu mwezi huu, chagua SSD, kwa sababu itaharakisha kuwaka na pia itapunguza makali ya kuhamishwa kwa vipande. Ukienda Luthuli au Moi Avenue, omba kifaa kichomekwe na kipimwe mbele yako kabla hujalipa. Muuzaji mwaminifu hatachukia.

Lipo pia suala la Windows 10. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa usalama kwa mfumo huo tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa za kizazi cha nne. Wateja wako huandika PIN za KRA na namba za vitambulisho kwenye mashine hizo, kwa hiyo jambo hili si la kupuuzwa. Kwa kompyuta za wateja ambazo kazi yake ni kivinjari na kuchapisha, mimi ningeweka Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ambao hauna malipo na bado hupokea marekebisho, baada ya kuhakikisha kwamba printa na skana yako zinaelewana nayo. Na hii ni sababu ya mwisho ya kutotumia pesa nyingi kwenye prosesa za mashine hizi.

Diski za zamani usizitupe wala kuziuza hivi hivi. Kufuta faili huondoa jina lake kwenye orodha ya diski, lakini maandishi yenyewe hubaki kwenye sahani hadi yaandikwe mengine juu yake, na yeyote mwenye programu ya kurejesha anaweza kuyasoma. Vitambulisho vilivyoskaniwa vya watu wa Umoja ni amana yako, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakudai uilinde. Mwambie fundi aandike sifuri kwenye diski nzima kabla haijaondoka dukani.

Usizifanye zote nne kwa pamoja. Chagua moja, nakili faili zake muhimu kwanza, pima kwa simu muda wake wa kuwaka kabla na baada ya kuweka SSD, kisha iweke kando ya ile ya pili ambayo haijaguswa na uwakalishe wateja wawili wenye kazi sawa. Tofauti utakayoiona hapo ndiyo itakayokwambia kama zile tatu nyingine zinastahili pesa hizo hizo.